Je, Wajua? Diski Bado Inajivuta

Je, wajua kwamba ukiwasha kompyuta yenye diski ya kuzunguka, prosesa huwa tayari mapema, kisha inakaa kuisubiri mota? Diski nyingi za kompyuta za mezani lazima zifikie mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kila sekunde, na hilo huchukua sekunde kadhaa.

Kwa nini isianze kusoma polepole huku ikiongeza kasi? Kwa sababu kichwa cha kusomea hakigusi sahani. Huelea nanomita chache tu juu yake, kikibebwa na hewa inayovutwa na mzunguko wenyewe. Kasi ikiwa ndogo, hakuna cha kukibeba. Kingekwaruza data yako. Ndiyo maana katika diski nyingi za leo kichwa huegeshwa pembeni mpaka kasi itimie.



Kuanza kuzunguka ndiko kunakokula umeme: diski moja inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwenye waya wa volti 12, kisha hutulia. Seva yenye diski 24 zikiamka pamoja, pawa saplai inaweza kuzidiwa. Kwa hiyo huamshwa kwa zamu, si kwa kugombea mlango kama abiria wa daladala jioni. Seva inayochelewa hivyo si mbovu.

Umewahi kuona mashine inayogoma asubuhi ikidai haina diski, lakini ukiizima na kuiwasha tena papo hapo inakubali? Mara nyingi BIOS iliuliza mapema mno. Mara ya pili diski ilikuwa tayari inazunguka. Baadhi ya BIOS za zamani zina mpangilio wa kuongeza subira hadi sekunde 30, na wengi huupita bila kuuona.

SSD haina mota, basi kero hii haiihusu.

Lakini je, wajua kwamba Linux nyingi husubiri hata diski isiyokuwepo? Uliichomoa, jina lake likabaki kwenye faili la /etc/fstab. Mashine itaingoja sekunde 90 nzima. Futa mstari huo, au ongeza neno nofail.