Filamu fupi yenye shairi inafaa nini Bukavu?

Wasomaji wametuuliza filamu ya namna hii ni kitu gani. Ni filamu ya dakika chache isiyofuata hadithi. Sauti inasoma shairi, na macho yanaona Ziwa Kivu, kikwembe kwenye kamba, kiti cha mtu asiyerudi. Hakuna anayeulizwa alifanyiwa nini.

Hapa Bukavu jambo hilo lina uzito. Mwaka 2015 filamu ya Thierry Michel juu ya Daktari Denis Mukwege, wa hospitali ya Panzi, iliwaonyesha wanawake walionusurika. Ushuhuda wao ulihitajika. Serikali iliipiga marufuku mwezi wa Septemba, ikairuhusu Oktoba. Lakini anayeonyesha uso wake huenda akarudi kuishi karibu na waliomtesa. Shairi halimdai uso. Katika Machini (2019), Frank Mukunday na Tétshim wa Lubumbashi waliweka vijiwe mahali pa watu, na huzuni inaonekana vilevile.

Mahakama haipokei shairi kuwa ushahidi, hilo tunalijua. Tena hata bila jina, majirani wanaweza kukitambua kikwembe. Kwa hiyo tunawaomba vijana wanaotengeneza filamu hizi: mwenye kumbukumbu aione kabla ya watu wengine, na akikataa, isionyeshwe.