Nusu Motokaa, Nusu Lori

Kigombe ni mji wa wavuvi ulio pwani, katikati ya Tanga na Pangani. Mashariki yake ni bahari. Upande wa bara ni minazi na mashamba ya mkonge. Kila mvuvi ajua ya kuwa samaki ana bei mbili: bei ya asubuhi atokapo majini, na bei ya jioni, macho yake yakiisha kudidimia. Kwa hiyo kuchagua gari la kupeleka samaki sokoni Tanga si jambo la mchezo, maana nyumba nyingi hula kwa bei ile ya asubuhi.

Lori lina nguvu nyingi, lakini mwenye lori hapendi kuondoka mpaka lijae, na saa za kungoja ndizo saa za kuoza. Motokaa ya abiria yaenda upesi, lakini tenga la samaki likipakiwa ndani yake siku moja, harufu hukaa mwezi mzima. Kati ya hayo mawili iko pikapu iliyotokana na motokaa. Mbele ni motokaa hasa, kwa viti, kwa usukani na kwa injini. Nyuma imefanywa sanduku wazi la kuwekea mizigo.

Asili yake yasimuliwa hivi. Mwaka 1932 mke wa mkulima mmoja wa Gippsland, katika nchi ya Australia, aliiandikia kampuni ya Ford barua. Alitaka gari moja la kuwafikisha kanisani Jumapili pasipo kulowa mvua, nalo lipeleke nguruwe sokoni Jumatatu, kwani hawakuweza kununua magari mawili. Kijana mmoja, jina lake Lew Bandt, akapewa kazi ya kulichora, na mwaka 1934 magari hayo yakaanza kutengenezwa katika mji wa Geelong. Liliweza kuchukua ratili 1,200, yaani kilo 545 hivi. Haja ya mama yule ndiyo haja ya mtu wa Kigombe, ila mahali pa nguruwe weka changu na dagaa.

Katika Afrika ya Mashariki, gari la namna hii lililojulikana sana lilikuwa Peugeot 404, na baada yake Peugeot 504. Motokaa za 404 zilishinda mashindano makubwa ya Safari mwaka 1963, na tena mwaka 1966, 1967 na 1968; katika mwaka 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Zilizoshinda hazikuwa pikapu, lakini watu waliona ya kuwa gari lililovumilia matope yale litavumilia na ya kwao. Pikapu ya 504 iliwekewa nyuma springi za mabamba kama za lori, ikaweza kuchukua tani moja na zaidi. Huko Kenya nyingi zilijengewa paa na mabenchi, zikawa matatu.

Sasa tutazame faida zake. Ya kwanza waijua wale wapakiao: sanduku lake halikuinuka sana kutoka chini, na watu wawili waweza kulitia tenga bila ngazi. Tena, kwa kuwa ni jepesi, halinywi petroli nyingi kama lori, basi hata safari ya matenga manne yaweza kuleta faida. Nalo laenda kwa upole. Samaki asiyerushwarushwa njiani hufika nyama yake ikiwa haijapondeka, na mnunuzi wa mjini huanza kwa kumbonyeza kwa kidole.

Lakini gari hili lina aibu zake. Tumbo lake li karibu na nchi. Barabara ya Tanga na Pangani ilikuwa ya udongo na changarawe kwa miaka mingi, na hata lami ikiwekwa, njia iendayo ufuoni hubaki mchanga. Masika ikinyesha, gari lenye tumbo la chini hukalia tuta la katikati ya njia, magurudumu yakazunguka bure. Jambo la ajabu ni kwamba pikapu tupu hukwama upesi kuliko yenye mzigo kiasi. Katika magari haya mengi injini husukuma magurudumu ya nyuma, na nyuma ikiwa nyepesi matairi hayaishiki nchi. Ndiyo sababu dereva mwenye akili hurudi kutoka Tanga na magunia mawili matatu ya kitu cho chote.

Aibu iliyo kubwa zaidi hutokana na ule upole wake. Lori lililozidishiwa mzigo hulia, na dereva husikia. Pikapu hii huendeshwa kama motokaa ya abiria, basi dereva husahau alichopakia. Tuseme gari limepimiwa kilo 500, na kila tenga lina kilo 50: matenga kumi yamelijaza. Wakipanda juu yake watu watano, kila mmoja kilo 60, zimeongezeka kilo 300. Ufikiri pembea ya ubao: mtoto mnene akikaa ncha moja, wa pili huinuka. Vivyo hivyo mzigo uliorundikwa nyuma ya ekseli huinua kichwa cha gari. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yapindayo njia, hayaikanyagi nchi vema, na usukani huwa mwepesi mkononi. Dereva mjinga hufurahi kwa wepesi huo. Kisha yaja kona, au mbuzi akatiza njia, na breki zilizofanywa kwa kilo 500 hazina budi kusimamisha 800. Wale watano walio juu ya matenga hawana cha kushika. Heri gari baya linalopiga kelele.

Siku hizi wachuuzi wengi hutumia pikapu ndefu za Toyota zilizojengwa juu ya chasisi, au vile vigari vidogo viitwavyo kirikuu. Zile pikapu za Peugeot zimekuwa chache, na mara nyingi si injini iliyoziua, bali chumvi. Maji ya barafu na samaki huchuruzika sandukuni, huingia katika maungio ya bati, na upepo wa kusi huleta chumvi nyingine kutoka baharini. Rangi ya nje yaweza kung'aa hali chini kumekwisha kuliwa na kutu. Anunuaye gari kuukuu pwani hulala chali chini yake, akagonga sakafu kwa nyundo ndogo, pole pole, toka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya kibuyu kilichopasuka, na mara nyingine nyundo hutokea upande wa pili.