Fahamu: Kwa nini tangi 'tupu' la mafuta hulipuka likichomelewa

Madereva wa safari ndefu hupenda kuongezewa tangi la mafuta, na mafundi wengi huanza kwa kukata tangi kuukuu. Hapo ndipo ajali hutokea.

Hatari iko wapi?
Kinachowaka kwenye petroli ni mvuke wake. Hewa ikiwa na mvuke huo kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6, cheche moja inatosha kulipua. Tangi lililojaa pomoni halina nafasi ya mchanganyiko huo, lililomwagwa mafuta linayo. Dizeli nayo hutoa mvuke bati linapopata moto wa kuchomelea, hata kama limesuuzwa kwa maji.

Njia salama ni ipi?
Tengeneza tangi jipya kwa bati ambalo halijawahi kugusa mafuta. Weka ndani kuta zenye matundu ili mafuta yasisukwesukwe, na mrija wa kupumulia. Kisha lijaribu kwa upepo mdogo na povu la sabuni: penye kuvuja patatoa mapovu.

Kutu huanzia wapi?
Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo hutuama chini na kula bati kutoka ndani. Weka koki ya kuyatolea. Nje, tope na chumvi hujificha chini ya mikanda inayoshikilia tangi; weka mpira katikati, uoshe na kukagua mara kwa mara. Kwa dizeli, epuka mabati ya zinki: hudhuru mafuta na kuziba nozeli.