Kutuliza Kamera: Ushauri kwa Kamati za Parokia



Mfadhili asiyeweza kufika Ufipa huuona mradi kupitia kwa mpiga picha. Anapoirekodi njia ya kisimani huku kamera ikiwa mkononi, picha hutikisika kila hatua, na mtazamaji huchoka upesi. Tiba yake ni kifaa cha kutuliza kamera kinachovaliwa mwilini, kilichobuniwa na Mmarekani Garrett Brown miaka ya 1970. Kina kizibao, mkono wenye springi, na nguzo yenye kamera juu, betri na skrini chini ili kusawazisha uzito.

Kabla ya kununua au kukodi, tunashauri yafuatayo:

1. Kizibao kimtoshe mvaaji na kifungwe barabara, ili uzito ukae kiunoni, si mabegani.

2. Pimeni usawa. Nguzo ikiwa kwenye stendi yake, ilazeni kisha iachieni. Ifike wima kwa sekunde 2 hadi 3. Ikianguka haraka, uzito wa chini umezidi, ikisuasua, umepungua.

3. Nguzo iongozwe kwa vidole tu. Kuikaza ni kuitikisa.

4. Mpiga picha hutazama skrini, hivyo haoni shimo. Msaidizi atembee nyuma akimshika na kumwongoza, na penye upepo amkinge.

5. Betri za akiba zichajiwe Sumbawanga mjini kabla ya safari ya vijijini.

Kamati inayonunua kifaa bila kuandaa watu wawili na siku za mazoezi, imenunua mzigo. Tuanze na watu.