Rimoti hufundishwa, na mwenye nyumba naye afundishwe

Rimoti ya mama ilizama kwenye ndoo ya kufulia Ijumaa asubuhi. Nilipofika Tanga kesho yake nilimkuta amesimama mbele ya TV, mkono mmoja ukutani, mwingine ukipapasa nyuma ya kioo kutafuta kitufe cha sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tangu jana nasimama na kukaa, nasimama na kukaa. Magoti yameshachoka na hii habari."

Mama ana miaka 74. Anaishi na mjukuu anayeshinda shuleni, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimpiti. Juu ya meza palikuwa na rimoti ya pili, ya king'amuzi, nzima lakini namba zake zimefutika kwa kubonyezwa. Nyumba zetu nyingi ziko hivyo tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na baadaye mikoani: TV ina rimoti yake, king'amuzi kina yake, na mzee anatakiwa kukumbuka ipi inafanya nini.

Nikaenda madukani Ngamiani, hapohapo Tanga, kununua rimoti ya TV zote. Bei yake haikufika ya kuku wa kienyeji. Kijana wa dukani alinihakikishia, "Dada, hii inakubali TV yoyote. Unaseti tu." Neno "unaseti tu" ndilo lililonikalisha sakafuni kwa mama saa mbili nzima, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kuseti hakuna uchawi, ila kuna utaratibu, na utaratibu huo hatufundishani.

Kwanza ipige hodi

Kichwani mwa rimoti kuna kitaa kidogo kinachotoa miale ya infraredi, mwanga ambao jicho la mtu halioni. Ukibonyeza kitufe, kitaa kinawaka na kuzimika kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo ndio ujumbe. Chukua mfumo mmoja unaotumika sana, ulioanzia kampuni ya Kijapani ya NEC. Ujumbe wake huanza na mwako mrefu wa milisekunde tisa, kisha kimya kifupi. Hiyo ni hodi: TV inajua kuna mtu mlangoni. Baada ya hodi linakuja jina la chombo kinachoitwa, kisha agizo lenyewe, kama kuongeza sauti au kuzima. Jina na agizo kila kimoja hutumwa mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa kinyume, ili TV ilinganishe na kuhakikisha haikusikia vibaya. Yote hayo hayamalizi hata sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Philips walikuwa na mfumo wao, Sony wao, na kila mmoja una hodi yake na mpangilio wake. Ndiyo maana rimoti ya jirani yako haizimi TV yako: inapiga hodi kwa lugha ambayo TV yako haiijui. Rimoti ya TV zote imehifadhi lugha nyingi kwa pamoja. Kuseti maana yake ni kuiambia izungumze ipi.

Kuna jambo moja zaidi la kupendeza katika mwanga huo. Mwaka 1955 mhandisi Eugene Polley wa kampuni ya Zenith, Marekani, alitengeneza rimoti ya kwanza ya TV isiyo na waya, Flash-Matic, iliyoamrisha TV kwa kuimulika kama tochi kwenye pembe za kioo. Ilifanya kazi, lakini jua likiingia dirishani nalo liliweza kubadili stesheni. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler akauacha mwanga kabisa na kutumia mlio mkali ambao sikio la mtu halisikii. Infraredi iliporudisha mwanga, tatizo la jua lilikuwa limepata dawa: katika mifumo mingi kitaa hakiwaki kwa mfululizo, bali hupepesa mara 38,000 hivi kwa sekunde. Jua halipepesi. TV inasikiliza kinachopepesa tu.

Njia tatu za kuseti

Kabla ya lolote, weka betri mpya, kisha fungua kamera ya simu na uielekeze kwenye kichwa cha rimoti huku ukibonyeza kitufe. Kamera nyingi huona infraredi, na kwenye kioo cha simu utaona kinuru cheupe au cha zambarau. Ikiwa kamera ya nyuma haionyeshi, jaribu ya mbele. Kinuru kikiwepo, rimoti inasema, na shida iko kwenye lugha. Kipimo hiki peke yake kingeokoa rimoti nyingi zinazotupwa.

Njia ya kwanza ni ya msimbo. Ndani ya boksi kuna karatasi yenye majina ya TV na namba za tarakimu tatu au nne. Washa TV, shikilia kitufe cha SET pamoja na cha TV, au SET peke yake kwenye baadhi ya rimoti, mpaka taa nyekundu ibaki inawaka. Ingiza namba, kisha jaribu. Usiridhike TV ikizima tu. Jaribu sauti, menyu na kitufe cha kuchagua chanzo cha picha, kwa sababu upo msimbo unaojua maagizo mawili matatu na kukosea mengine. Jina moja la TV huwa na misimbo mingi kwa kuwa mitambo ya ndani hubadilika mwaka hadi mwaka.

TV ya mama haikuwa na jina kwenye ile karatasi. Nikaingia njia ya pili, ya kutafuta. Unashikilia SET, taa inawaka, kisha unashikilia kitufe cha kuwasha na kuzima. Rimoti inaanza kupiga hodi kwa lugha moja baada ya nyingine. TV ikizima, achia papo hapo. Ukichelewa, rimoti inapita kwenye lugha nyingine na unaanza upya. Hapa ndipo muda wangu mwingi ulipokwenda. Mara mbili niliachia nikiwa nimechelewa. Mara ya tatu mama alikaa karibu na TV na kusema "Sasa!" kioo kilipokuwa cheusi, nami nikaachia. Ikakamata.

Njia ya tatu ni ya kunakili, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Rimoti zenye uwezo huu zinaweza kusikia rimoti nyingine. Zilaze mezani zikitazamana, kichwa kwa kichwa, nafasi ya vidole viwili hivi katikati, mbali na jua la moja kwa moja. Weka rimoti mpya katika hali ya kujifunza, bonyeza kitufe unachotaka kukifundisha, kisha bonyeza kitufe chenye kazi hiyo kwenye rimoti ya zamani. Taa ikikujibu kwa kupepesa, somo limeingia. Unakwenda kitufe kimoja kimoja. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alitoa rimoti ya namna hii mwaka 1987 kupitia kampuni yake ya CL 9, na iliweza hata kutuma maagizo kadhaa kwa kubonyeza mara moja. Leo sehemu ya uwezo huo inauzwa Ngamiani.

Kwa kunakili nilihamisha vitufe vya king'amuzi kwenye rimoti mpya: stesheni kupanda na kushuka, namba zote, na agizo la kuwasha king'amuzi nikaliweka kwenye kitufe chekundu. Vitufe vya sauti nikaviacha kwa TV. Rimoti mbili zikawa moja.

Isipokubali, usiilaumu bure

Zipo rimoti zisizonakilika. Rimoti nyingi za TV za kisasa zenye kipaza sauti cha kuongea nazo hutumia Bluetooth, yaani mawimbi ya redio, na rimoti inayosikiliza mwanga haiwezi kuzisikia.

Rimoti ya AC nayo ina tabia yake. Ya TV husema neno moja, "punguza." Ya AC hutuma maelezo yote kwa pamoja kila unapobonyeza: washa, baridi, nyuzi 24, feni ya pili. Ndiyo maana ina kioo chake. Kumbukumbu ya hali ya chumba iko mkononi mwako. Ukinakili kitufe chake kimoja cha kuongeza nyuzi, umenakili hali moja tu, na kila ukikibonyeza utapata nyuzi zilezile. Kwa AC nunua rimoti ya pamoja iliyotengenezwa kwa ajili ya AC.

Iwe ya mtu, si ya mashine

Baada ya kuseti bado kulikuwa na kazi. Rimoti ile ina vitufe zaidi ya arobaini. Nikamuuliza mama anatumia vingapi. Alifikiri, akahesabu kwa vidole: kuwasha, sauti juu, sauti chini, stesheni mbele na nyuma, na "ile ya kunyamazisha wakati wa adhana." Tukavifunika vingine kwa utepe mweusi wa umeme, tukabakiza namba kwa ajili ya mjukuu. Kitufe cha kunyamazisha mama alikitia tone la rangi ya kucha, ambalo likikauka kidole kinaliona hata taa zikiwa zimezimwa. Wazo hilo lilikuwa lake.

Kisha nikafanya jambo ambalo naliomba kwa kila kijana anayesetia wazazi wake. Nilifuta yote niliyoyafanya kwenye sauti na kuzima, nikampa mama rimoti, nikamwambia aisake TV mwenyewe. Alikataa. Nikamwambia nitakaa hapo. Tukarudia mara nne. Hatua tukaziandika kwa mkono wake, herufi kubwa, kwenye kikaratasi tulichokikunja ndani ya kifuniko cha betri, kwa kuwa rimoti nyingine husahau kila kitu betri zikitolewa.

Tunawaheshimu wazazi kwa shikamoo, kisha tunawanyang'anya vyombo mikononi na kusema "lete nikufanyie." Tunaondoka na maarifa, wao wanabaki wakisubiri likizo ijayo. Karatasi za maelekezo zinakuja kwa Kiingereza na Kichina, na wauzaji wanaojua kuseti wanaishia kwenye "unaseti tu." Nawaomba wauzaji: dakika tano dukani, na kipande cha maelekezo kwa Kiswahili, vingemtosha mzee kutawala sebule yake. Mzee anayeshindwa kuongeza sauti ya TV aliyoinunua kwa fedha yake amepungukiwa na mwalimu, wala hakupungukiwa na akili.

Wiki tano baadaye simu iliita saa mbili na nusu usiku. Nilipoona ni mama nikajua rimoti imegoma. Betri zilikuwa zimekwisha tangu mchana, aliniambia, kaweka nyingine, ikasahau sauti na kuzima, akafungua kikaratasi na kuisaka TV upya peke yake. Hakulipa jambo hilo hata nusu dakika. Alichonipigia ni habari aliyoiona kuhusu bei ya mchele, na alitaka tuizungumze.