Saa ya Mgodi na Saa ya Shule: Mafunzo ya Ajira za Migodini Kaskazini ya Kanada

Katika mikutano ya hadhara ya kata zinazopakana na migodi, swali moja halikosi kuulizwa: je, vijana wa hapa watapata kazi? Ni swali la haki. Hata hivyo, ndani yake limo swali jingine ambalo huulizwa mara chache: vijana hao watafundishwa lini, na nani, na hadi kiwango gani? Makala hii inaeleza jinsi wenyeji wa asili wa Kaskazini ya Kanada walivyolikabili swali hilo tangu miaka ya 1950. Wao wameiona migodi ikifunguliwa na wameiona ikifungwa, na walichojifunza kwa gharama kubwa kinaweza kumfaa mwananchi wa kata yoyote yenye mgodi.

Nchi ya baridi na umbali mrefu

Kaskazini ya Kanada ni makazi ya Wainuit, Wadene, Wametis na jamii nyingine zilizokuwapo kabla ya wageni kutoka Ulaya kufika. Ni nchi pana yenye watu wachache. Jimbo la Nunavut peke yake lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba milioni 2, yaani zaidi ya mara mbili ya Tanzania, lakini wakazi wake ni takriban 40,000, wengi wao Wainuit. Hakuna barabara inayoviunganisha vijiji vya jimbo hilo. Watu husafiri kwa ndege, kwa mashua wakati wa kiangazi chao kifupi, na kwa magari ya theluji wakati wa baridi.

Chini ya ardhi hiyo kuna nikeli, dhahabu, chuma, urani na almasi. Mgodi wa kwanza wa almasi nchini Kanada, Ekati, ulifunguliwa mwaka 1998, takriban kilometa 300 kaskazini-mashariki ya mji wa Yellowknife. Jirani yake, Diavik, ulianza uzalishaji mwaka 2003. Mizigo mizito ya migodi hiyo hupita juu ya barabara ya barafu ambayo hupitika kwa takriban miezi miwili tu kwa mwaka. Wafanyakazi hupelekwa kwa ndege, hufanya kazi wiki mbili mfululizo wakiishi kambini, kisha hurudi nyumbani kwa wiki mbili. Kwa mpangilio huo, kampuni inaweza kumchukua mfanyakazi kutoka mji wa mbali kusini kwa urahisi uleule inaomchukua mtu wa kijiji cha jirani. Kwa hiyo kuishi karibu na mgodi si dhamana ya kuajiriwa.

Funzo la migodi ya mwanzo

Mwaka 1957 mgodi wa nikeli ulianza kazi mahali paitwapo Rankin Inlet, kando ya Ghuba ya Hudson. Wainuit wengi waliacha maisha ya uwindaji, wakahamia hapo na kujifunza uchimbaji wa chini ya ardhi wakiwa kazini. Walifanya kazi vizuri na kwa muda wakawa sehemu kubwa ya nguvukazi ya mgodi. Lakini mwaka 1962, baada ya miaka mitano tu, madini yaliisha na mgodi ukafungwa. Familia zilizokuwa zimezoea mshahara zilibaki bila mshahara, na ujuzi walioupata haukuwa na mahali pengine pa kutumika karibu nao.

Mgodi wa Nanisivik wa risasi na zinki, katika Kisiwa cha Baffin, ulifanya kazi kuanzia mwaka 1976 hadi 2002. Safari hii serikali iliweka lengo: asilimia 60 ya wafanyakazi wawe wakazi wa kaskazini. Lengo hilo halikufikiwa katika miaka yote 26 ya uhai wa mgodi. Idadi iliandikwa, lakini njia ya kumtoa kijana kijijini na kumfikisha kwenye kazi ya ufundi haikujengwa kwa kiwango kilichohitajika. Mgodi ulipofungwa, nyumba za mji ule zilibomolewa.

Mkataba kabla ya shimo

Kutokana na uzoefu huo, jamii za kaskazini zilianza kudai mafunzo yaandikwe kwenye mkataba kabla shimo halijachimbwa. Mkataba wa Nunavut wa mwaka 1993, uliotambua haki za Wainuit juu ya ardhi yao, una sura nzima, ya 26, inayotaka mradi mkubwa usianze kabla ya mwekezaji kukubaliana na Wainuit kuhusu athari na manufaa. Miongoni mwa mambo yanayojadiliwa ni ajira, mafunzo, zabuni za wenyeji na lugha ya kazini.

Mwaka 1995, katika sehemu ya kaskazini ya jimbo la Quebec, jamii za Salluit na Kangiqsujuaq pamoja na shirika la Wainuit la Makivik zilitia saini Mkataba wa Raglan na kampuni iliyokusudia kuchimba nikeli. Mkataba huo uliwapa wenyeji kipaumbele katika ajira na zabuni, pamoja na sehemu ya faida ya mgodi. Huko Diavik, makubaliano ya mwaka 1999 kati ya kampuni na serikali ya jimbo yaliweka malengo ya ajira kwa wakazi wa kaskazini kwa ujumla, na ndani yake lengo mahususi kwa wenyeji wa asili.

Mkataba, hata hivyo, hauwezi kumfundisha mtu kutengeneza injini. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Ngazi ya mafunzo

Mwaka 2004, katika Jimbo la Kaskazini-Magharibi, serikali za wenyeji wa asili, kampuni za migodi na serikali ziliungana kuanzisha shirika la Mine Training Society. Kazi yake ilikuwa kuunganisha pande tatu: kijiji kinachomjua kijana, chuo kinachofundisha na mgodi unaoajiri. Mafunzo mengi yalitolewa kwa kushirikiana na Chuo cha Aurora, chenye kampasi katika miji ya Fort Smith, Inuvik na Yellowknife. Huko Raglan ulianzishwa mpango uitwao Tamatumani, jina la Kiinuit lenye maana ya kuanza kwa mara ya pili. Jina hilo lilikubali ukweli kwamba juhudi za awali hazikutosha.

Mipango ya aina hii hufuata ngazi inayofanana, na ni vyema mwananchi aifahamu.

Ngazi ya kwanza ni elimu ya msingi ya watu wazima. Vijana wengi wa vijijini waliacha shule mapema, nao hukwama kwenye mtihani wa hesabu na kusoma unaotakiwa kabla ya kuanza uanagenzi. Mgodi wa Ekati uliweka masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kambini kwake, ili mfanyakazi asome bila kuacha kazi.

Ngazi ya pili ni maandalizi ya kazi. Hapa mtu hufundishwa usalama, huduma ya kwanza, nidhamu ya zamu za saa kumi na mbili, namna ya kupanga mshahara, na jinsi ya kuishi kambini mbali na watoto kwa wiki mbili.

Ngazi ya tatu ni uendeshaji wa mitambo. Mwanafunzi huanza kwenye simuleta, yaani kiti, usukani na skrini vinavyoiga chumba cha dereva wa lori kubwa la kubebea mawe. Akikosea hapo, hakuna anayeumia wala lori linaloharibika. Baadaye huingia kwenye mtambo halisi akiwa na mwalimu pembeni.

Ngazi ya nne, ambayo ndiyo ndefu zaidi, ni uanagenzi wa ufundi: umeme, uchomeleaji vyuma, ufundi bomba na matengenezo ya mitambo mizito. Fundi wa mitambo mizito huhitaji takriban miaka minne, sehemu kubwa akiwa kazini chini ya fundi aliyehitimu na wiki chache za darasani kila mwaka. Akifaulu mtihani wa mwisho hupata cheti kiitwacho Red Seal, kinachotambuliwa katika majimbo yote ya Kanada.

Mahali ngazi inapokatika

Licha ya mipango hiyo, matokeo ni ya mchanganyiko. Maelfu ya wenyeji wamepata kazi, na wapo walioanza jikoni au kwenye usafi wakawa mafundi na wasimamizi. Lakini wengi wamebaki kwenye ngazi za chini, na migodi mingi inaendelea kuleta mafundi na wahandisi kwa ndege kutoka kusini.

Sababu kuu ni tatu. Kwanza, ufundi unahitaji hesabu na sayansi ya sekondari, na mgodi hauwezi kurekebisha kwa miezi sita upungufu wa miaka kumi ya shule. Pili, kumpata mfanyakazi ni jambo moja na kumdumisha ni jingine. Mzazi asiye na wa kumwachia watoto, au mwindaji ambaye msimu wa wanyama umeangukia katikati ya zamu yake, huacha kazi hata kama mshahara ni mzuri. Baadhi ya migodi imejifunza kutumia lugha ya Kiinuktituti kwenye mafunzo, kuweka washauri wa Kiinuit kambini na kuruhusu vyakula vya asili kama nyama ya karibu. Tatu, kuna suala la muda, na hili ndilo zito kuliko yote.

Saa mbili zisizolingana

Mgodi una saa yake na shule ina saa yake. Mgodi wa almasi wa Snap Lake ulifunguliwa rasmi mwaka 2008 na kusimamishwa mwishoni mwa mwaka 2015. Kijana aliyeanza uanagenzi siku ya ufunguzi alihitimu akiwa amebakiwa na takriban miaka mitatu ya ajira pale. Kijana aliyekuwa darasa la tatu siku hiyo hakuukuta mgodi alipomaliza shule. Diavik nao, ulioanza mwaka 2003, ulipangiwa kufikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2026. Huo ni muda wa kutosha kwa mtoto kuzaliwa, kusoma na kufikia umri wa kuajiriwa, si zaidi.

Wakati mwingine saa ya mgodi husimama hata kabla ya madini kuisha. Huko Saskatchewan, mgodi wa urani wa McArthur River na kiwanda cha Key Lake vilisimamishwa mwaka 2018 kwa sababu ya bei ndogo sokoni. Mamia ya wafanyakazi waliachishwa, wakiwamo wenyeji wa vijiji vya kaskazini. Uzalishaji ulirejea mwaka 2022. Katika kipindi hicho, mwenye cheti cha ufundi kinachotambuliwa kila mahali angeweza kuomba kazi hospitalini, kwenye ujenzi au kiwanja cha ndege. Aliyekuwa na uzoefu wa mgodi mmoja tu, bila karatasi, alikuwa na milango michache zaidi ya kubisha.

Aidha, kufungwa kwa mgodi huzaa kazi yake. Mgodi wa dhahabu wa Giant, pembeni ya Yellowknife, ulifanya kazi kuanzia mwaka 1948 hadi 2004 katika ardhi ya Wadene na kuacha chini ya ardhi tani 237,000 za vumbi lenye sumu ya aseniki. Kazi kuu ya kusafisha eneo hilo ilianza mwaka 2021. Waendesha mitambo, mafundi na wapimaji wa maji wanahitajika huko, na wenyeji waliofundishwa kwa ajili ya migodi ya almasi wana ujuzi unaofaa kwa kazi hiyo.

Yanayotuhusu

Hali yetu si sawa na ya Kaskazini ya Kanada, lakini saa mbili hizo zipo pia kwetu. Kanuni za Madini za Ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018 zinamtaka mmiliki wa leseni ya madini kuwasilisha mpango wa ushirikishwaji, na ndani yake uwemo mpango wa ajira na mafunzo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, hutoa mafunzo ya fani zinazohitajika migodini, na pia ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kwa njia hiyo, fundi aliyejifunzia gereji au mtaani anaweza kupimwa na kupewa cheti.

Kwa hiyo, mradi wa madini unapojadiliwa katika kata, zaidi ya kuuliza idadi ya ajira, inafaa wananchi waulize mambo matatu. Mafunzo yataanza miaka mingapi kabla ya uzalishaji? Cheti kitakachotolewa kitatambuliwa na mwajiri mwingine, au ni cha mgodi huo pekee? Na kati ya waliofundishwa, wangapi watapandishwa kutoka kazi za vibarua hadi za ufundi, na katika muda gani? Majibu ya maswali hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, ili mkutano unaofuata uyarejee.

Kwa mzazi, hatua ya kwanza haimsubiri mwekezaji. Mtoto aliye darasa la tano leo ndiye fundi wa miaka kumi na mitano ijayo, na hesabu anayoikimbia sasa ndiyo itakayoulizwa kwenye mtihani wa kuingilia ufundi. Madini yatachimbwa siku yake ikifika, na yataisha siku yake ikifika. Ujuzi wenye cheti hubaki na mwenyewe, naye huenda nao popote kazi ilipo.