Kupanga maandishi ya karatasi ya ibada

Makanisa yetu mengi hapa Lubumbashi huchapa karatasi ya ibada katika ordinatere moja, kisha faili hupelekwa kwa fleshi hadi duka la fotokopi. Huko kichwa kilichokuwa katikati kinaonekana kimesogea pembeni. Mara nyingi sababu ni kwamba sekretere alikisukuma kwa kubonyeza nafasi mara ishirini. Nafasi hutegemea upana wa herufi. Ordinatere ya pili isipokuwa na aina ileile ya herufi, huweka nyingine, na yote husogea.

Kichwa hakihitaji hata nafasi moja. Weka mshale ndani ya mstari, bonyeza Ctrl pamoja na E, au kibonye cha Centrer.

Lakini tunahangaikia zaidi hesabu ya sadaka. Tarakimu zikianzia zote upande wa kushoto, 85.000 na 850.000 huonekana karibu sawa, hasa kwa mzee asomaye kwa taa hafifu, na manung'uniko juu ya mweka hazina huanza hivyo bila kosa lake. Tengeneza jedwali, franka katika safu yake na dola katika yake, chagua safu hizo, kisha bonyeza Aligner à droite. Mamoja yatakaa chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, na kila mshiriki ataweza kujumlisha mwenyewe. Anayeandika 1 250 000 kwa kuacha nafasi abonyeze Ctrl, Maj na nafasi kwa pamoja, ili kiasi kisikatwe mwishoni mwa mstari.

Justifier, yaani kunyoosha kingo zote mbili, hupendwa sana. Sisi hatuipendi katika karatasi iliyokunjwa mara mbili. Maneno ya Kiswahili ni marefu: “waliotutangulia” peke yake hula karibu nusu ya mstari mwembamba. Yakibaki maneno matatu, ordinatere huyatawanya na kuacha mashimo katikati. Afadhali kushoto tu. Beti za wimbo nazo zisiguswe na Justifier: mstari uliovunjwa kwa Maj na Entrée huvutwa hadi ukingoni, hata ukiwa na maneno mawili.

Faili ikikamilika, ihifadhi pia kama PDF, umeme ukiwa bado upo, na hiyo ndiyo uipeleke kwenye fotokopi.